Upande wa Pili wa Oldeani

Pikipiki haipiti lango la Lodoare. Basi la Arusha kwenda Musoma linapita, magari ya watalii yanapita mfululizo msimu ukichanganya, lakini mwenye pikipiki anayetaka kukatiza Ngorongoro kwenda Serengeti anageuzia pale pale langoni, awe ametoka Rhotia au ametoka Afrika Kusini. Sheria hii niliijua tangu nikiwa kijana wa kuosha magari Karatu, na miaka yote niliyoendesha Land Cruiser ya wageni sikuwahi kuitafakari kwa sababu haikunihusu. Ilikuja kunihusu nilipomiliki pikipiki, na kwa ajili yake nimekuwa mtu mwingine katika namna ya kusafiri, ya kupanga, hata ya kuongea na watu. Nataka kushuhudia jinsi ilivyokuwa.

Kwetu ni Lamadi, wilaya ya Busega, pale Serengeti inaponyoosha mkono wake wa magharibi mpaka karibu na Ziwa Victoria. Mama yangu anaishi huko hadi leo, si mbali na lango la Ndabaka. Mimi maisha yangu yako Karatu: mke, watoto, nyumba, kazi. Kwa hiyo kati yangu na mama kuna hifadhi mbili kubwa, na njia ya kwenda nyumbani niliyoijua ilikuwa moja tu. Unapanda Lodoare, unazunguka ukingo wa kreta, unateremka Malanja, unapita Naabi na Seronera, halafu unafuata ukanda wa magharibi mpaka Ndabaka. Likizo ikifika niliomba lifti kwa dereva mwenzangu, au nilipanda basi.

Njia hiyo niliijua kwa kona zake, kwa sababu ilikuwa ndiyo ofisi yangu. Nilijua mahali ukungu unapokaa asubuhi mpaka huoni boneti ya gari lako mwenyewe. Nilijua kusimama kwenye kaburi la Michael Grzimek, Mjerumani kijana aliyefariki kwa ajali ya ndege Januari 1959, wakati yeye na baba yake wakiwa katika kazi ya kuhesabu wanyama wa Serengeti, na kuwaeleza wageni kwamba mwaka huo huo ndio Ngorongoro ilipotengwa na Serengeti ili wafugaji na wanyamapori waishi pamoja. Nilijua kusema kwamba kreta ina kina cha mita 600 hivi na sakafu ya kilomita za mraba kama 260. Nilijua kuwaelezea nyayo za Laetoli, zilizofunuliwa mwaka 1978 na timu ya Mary Leakey, za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili miaka milioni 3.6 iliyopita. Kupanga safari kwangu kulikuwa kupanga saa: lango linafunguliwa saa 12 asubuhi, linafungwa saa 12 jioni, kibali kina saa zake, chakula cha mchana kiliwe wapi, ndege ya wageni inaondoka lini. Nilikuwa hodari kwa hilo, na waliosafiri nami wanalijua.

Dereva wa watalii ni mtu wa kuulizwa. Kutwa nzima unaulizwa wewe: yule ndege ni wa aina gani, mlima ule unaitwaje, Wamasai wanakula nini, barabara hii itaisha lini. Ukishaizoea kazi hiyo, unakuwa mtu mwenye majibu. Sikumbuki katika miaka hiyo kama niliwahi kumsimamisha mtu njiani nikamwomba anifundishe kitu.

Mwaka 2020 ndege za kimataifa zilisimama na Karatu ikanyamaza. Mji wetu umejengwa juu ya mgeni anayelala usiku mmoja akielekea kreta. Asipokuja, anayeumia si dereva peke yake. Ni muuza mboga wa hoteli, dobi, fundi wa gereji, mchonga vinyago. Nikatoa akiba yangu, nikanunua Boxer 150 iliyotumika, nikaanza kuhangaika na biashara ya vitunguu Mang'ola. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka mashambani, kukagua mzigo, kukubaliana bei, halafu kumpigia simu mwenye lori.

Mang'ola iko chini ya Karatu, kwenye bonde la Ziwa Eyasi. Unaacha lami Njiapanda ya Oldeani, unateremka kwa mawe na vumbi, na joto linakuja kukupokea. Vitunguu vya kule vinamwagiliwa kwa maji ya chemchemi yanayotoka chini ya milima ile ile ya Ngorongoro ambayo mimi nilikuwa naipanda kila wiki upande wa pili. Hilo peke yake lilinishtua. Msitu niliowaonyesha wageni kama mandhari, huku chini ulikuwa kitunguu, ada ya shule, bati la nyumba. Nikawa nasimama na pikipiki kwenye mtaro, natazama juu, na mlima Oldeani nauona mgongo wake. Nilikuwa nimezoea kuuona uso.

Mwaka uliofuata, mambo yalipoanza kutulia kidogo, nikataka kwenda kumwona mama. Nikataka niende kwa pikipiki yangu.

Simu ilinionyesha mstari unaokatiza hifadhini, mfupi na mzuri, nisioruhusiwa kuupita. Nikaiambia itafute nyingine. Ikanipa lami yote: kurudi Makuyuni, kukata kwenda Babati, Katesh chini ya mlima Hanang, Singida, Nzega, Shinyanga, halafu Mwigumbi, Maswa, Bariadi, na kuteremkia Lamadi. Ni zaidi ya kilomita 700, mzunguko wa kulizingira eneo lote. Njia hiyo inapitika mwaka mzima na siwezi kuidharau, ila mwenye pikipiki ndogo anajua kipande cha Singida hadi Nzega kinamaanisha nini. Hapo unagawana barabara na malori ya mzigo wa Rwanda, Burundi na Kongo. Lori likikupita, kwanza upepo unakusukuma nje, kisha unakuvuta ndani, na wewe umeshika usukani kwa mikono miwili ukiomba tela lake liishe.

Kati ya mstari uliokatazwa na mzunguko mrefu, ramani ilikuwa na eneo karibu tupu. Lilikuwa na majina machache tu: Mbulu, Haydom, Sibiti, Mwanhuzi, Lalago. Mbulu ni jirani zetu, Wairaqw wale wale tunaoishi nao Karatu na kusalimiana nao "saita" kila asubuhi. Lakini kutoka Karatu sikuwahi kupita Mbulu kuelekea kusini. Nimewapeleka wageni wa mabara yote mpaka Kogatende, na sikuwa nimefika Haydom.

Nikaelekezwa kwa mzee mmoja anayeshinda dukani kwa mwanawe, mtu aliyeendesha malori ya pamba na mahindi huko Meatu na Mbulu enzi za vyama vya ushirika. Nikamkuta amekaa kwenye benchi, kikombe cha chai ya rangi mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimesikia unataka kwenda kwenu Usukumani kwa hicho kipikipiki."

"Ndiyo mzee. Nataka kupita Mbulu na Haydom."

"Haydom mvua ya mwisho imenyesha lini?"

Nilikuwa nimejiandaa kueleza kilomita, mafuta, saa za kuondoka. Hilo sikuwa nalo.

"Na bonde la Sibiti?"

Nikakaa kimya.

"Basi bado hujapanga safari, mwanangu. Umepanga kuondoka."

Hakulisema kwa dharau. Akamwita mjukuu wake, akamtuma kwenye lori lililokuwa limepaki ng'ambo ya barabara, lililoingia usiku kutoka upande wa Meatu, akabandue tope lililokauka chini ya madigadi. Mtoto akarudi na bonge jeusi. Mzee akalivunja kiganjani, akamwagia maji kidogo ya kunywa, akaanza kulifinyanga taratibu, kisha akaliviringisha kati ya viganja viwili. Ukatoka uzi mweusi, mwembamba, mrefu kama penseli. Akaukunja ukawa pete. Haukupasuka hata ufa mmoja.

"Huu ni mbuga. Ukiwa mkavu, unaupita kama lami. Ukilowa, usiuguse. Utaingia kwenye madigadi ya mbele, utafunga gurudumu, na pikipiki itasimama wima bila stendi."

Akachukua udongo mwekundu wa pale pale Karatu, akafanya hivyo hivyo. Uzi ukatoka, lakini ulipokunjwa ukakatika. "Huu unateleza, utakuangusha ukiwa na haraka. Lakini ukinyeshewa usiku, jua likitoka vizuri, mchana unapita." Kisha akanitazama viatu, akaona mchanga wa Mang'ola kwenye soli, akaukung'uta kiganjani. Huo haukuviringika kabisa, ulimwagika. "Huu mvua unaitaka. Mkavu ndio unaokusumbua."

Nilikaa pale mpaka jua likageuka. Aliniambia nipandishe madigadi ya mbele juu zaidi, au niyatoe kabisa nikifika bondeni. Aliniambia siku ya mnada barabara inakuwa na mifugo na malori na watu waliokunywa, lakini ndiyo siku ambayo ukiharibikiwa hukosi wa kukusaidia, kwa hiyo nichague hatari ninayoiweza. Aliniambia nisihesabu siku kwa kilomita, nihesabu kuanzia mwisho: saa kumi ya jioni niwe nimeshasimama na nimeshasalimia mahali nitakapolala. Saa kumi ng'ombe wanarudi zizini, jua linakupiga machoni unapoelekea magharibi, na uchovu unakufanya uone shimo ukiwa umeshalikanyaga.

Usiku ule nikampigia mama. Kwa kawaida nilikuwa nampigia nikishafika, kumwambia nimefika salama. Safari hii nilimpigia kumuuliza. Mama ni mkulima, amelima pamba na mtama maisha yake yote, na Wasukuma wana majina ya udongo wao kwa sababu kila udongo una zao lake. Nikamsomea majina ya mahali kutoka Sibiti kuja kwetu, na yeye na majirani zake wenye ndugu huko wakanipa udongo wa kila kipande. Huko ni luseni, udongo wa kichanga, pita hata kama imenyesha jana. Hapo kuna ibambasi, maji hayaingii ardhini, yanatanda juu na utateleza. Kuanzia kijiji fulani ni mbuga tupu, subiri. Nikaandika yote kwenye daftari la shule la mwanangu. Simu yangu yenye ramani ya dunia nzima haikuwa na hata neno moja katika hayo.

Kisha mama akaniuliza, "Huo Sibiti si ule unaoingia Eyasi?"

"Ndio huo mama. Unatoka Ziwa Kitangiri, unamwaga Eyasi."

"Basi unapita njia ya chumvi. Babu yangu alikwenda huko kwa miguu."

Sikuwahi kusikia habari hiyo. Akanisimulia kama alivyosimuliwa na mama yake: wanaume wa kijiji walikusanyika kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani, wakaondoka kwa kundi mpaka Eyasi, ziwa likiwa limerudi nyuma na kuacha chumvi ukingoni, wakaichota, wakaibeba kurudi nayo Usukumani. Walikwenda kiangazi kwa sababu ndipo chumvi inapoonekana na ndipo mbuga inapopitika. Walijua kila mahali penye maji, maana anayekosea maji porini hasimulii. Kijana aliyerudi na chumvi alihesabiwa kuwa mtu mzima.

Baadaye nilikuja kujua kwamba misafara hiyo imeandikwa. Mwaka 1938 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala juu ya misafara ya chumvi ya Wasukuma kwenda Ziwa Eyasi. Lakini mimi habari hiyo niliipata kwa mama, kwenye simu, nikiwa na mkono wenye grisi ya cheni. Nililala nikiwaza kwamba kwa miaka mingi nimekuwa nikieleza nyayo za Laetoli kwa kila anayelipa, na upande wa kusini wa milima ile ile ya Ngorongoro kuna mahali zilipopita nyayo za babu wa mama yangu na sikuwahi kuambiwa, kwa kuwa sikuwahi kuuliza. Kitu kiligeuka ndani yangu usiku ule na hakijarudi kilivyokuwa.

Kuanzia hapo daftari likabadilika. Ukurasa wa kila kipande cha njia ukawa na udongo, mvua ya mwisho, mafuta, maji, na mtu. Hiyo nafasi ya mtu ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko zote kuijaza. Nilitaka kila mahali nijue nani nikimpigia asubuhi ataniambia kama imenyesha usiku. Mama mmoja mnunuzi wa vitunguu Mang'ola alinipa namba ya shemeji yake Mbulu. Shemeji akanipa ya fundi wa Haydom. Fundi akanipa ya mwenye duka karibu na Sibiti. Boxer ina tangi la lita 11, na kwenye barabara nzuri lita moja inanipeleka kilomita 40 na zaidi kidogo, kwa hiyo mafuta kutoka Karatu mpaka Haydom hayanisumbui. Kinachosumbua ni mafuta ya chupa ya vijijini, ambayo siku nyingine yanakuwa na maji au yamekaa juani muda mrefu. Nikaamua kujaza kwenye sheli ya Mbulu na ya Haydom, na kufunga kidumu cha lita tano nyuma. Tyubu za akiba, solusheni, viraka, plagi, kiungo cha cheni, waya wa klachi. Kofia ngumu na koti nene, maana Mbulu asubuhi ni baridi kali.

Karatu hadi Mbulu ni vilima vyekundu, mashamba ya mahindi, maharage na ngano, na watoto wa shule wanaokupungia mkono. Niliwahi asubuhi, udongo ulikuwa mkavu, na sina la kueleza zaidi ya kwamba ni pazuri kuliko nilivyotarajia.

Haydom ndipo nilipokaa. Mji huo umekua kuzunguka hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa na wamisionari wa Norwei mwaka 1955, na watu wanaiendea kutoka mbali sana, Wairaqw, Wadatoga, Wanyiramba, Wasukuma, Wahadzabe. Nilimkuta fundi niliyekuwa nikiongea naye kwa simu, na kwenye kijiwe chake walikaa vijana wa bodaboda. Niliwafungulia daftari. Wakaanza kulisahihisha. Korongo hili limehama, mvua ya mwaka jana imelisogeza chini. Hapa usifuate barabara, fuata njia ya ng'ombe upande wa kulia. Hapa kuna daraja la magogo, lisogelee polepole.

Nikamuuliza mmoja wao amejuaje yote haya kwa usahihi hivyo. Akaniambia, "Mzee, mimi nabeba wajawazito usiku. Njia yangu naipanga mchana, nikiwa sina abiria, ili usiku nisifikiri." Alikuwa kijana wa kama miaka 25. Anaipita njia mchana kwa mafuta yake mwenyewe, anatazama kila shimo, ili mama fulani ambaye bado hajampigia simu asitikiswe. Katika kazi yangu nimewasikia watu wengi wakiongea habari za kuhudumia abiria, na nimepokea vyeti vya mafunzo hayo. Somo lenyewe nililipata Haydom kwenye kijiwe cha fundi, na ninalitumia kila siku.

Kutoka Haydom unateremka kuelekea bonde la Sibiti, hewa inabadilika, migunga inazidi, ardhi inakuwa nyeusi. Daraja la Sibiti linaunganisha Singida na Simiyu. Kabla halijajengwa, mto ukijaa watu wa pande mbili walikuwa wanatazamana tu. Nilivuka nikiwa na furaha, nikasimama kutoa madigadi ya mbele kama nilivyoelekezwa.

Saa nane mchana wingu lilikuwa limesimama mashariki. Mbele yangu palikuwa na kipande cha mbuga kilichoandikwa kwenye daftari kwa herufi kubwa: SUBIRI. Bado nilikuwa na saa nne za mwanga, na mtu niliyekuwa zamani, yule wa kukimbizana na malango, angesema napita kabla haijanyesha. Nikageuza pikipiki, nikaenda kwenye mji wa karibu, nikazima injini mbali kidogo na uzio wa miiba, nikapiga hodi. Mzee wa mji ule akatoka. Nikamsalimia kwa Kisukuma changu kilichochakaa, akacheka kwa furaha, akataka kujua mimi ni mtoto wa nani. Tulipofika kwa babu wa mama na habari za chumvi alikuwa ameshaniletea kiti.

Mvua ilinyesha jioni yote. Asubuhi ile ardhi iliyokuwa ngumu ilikuwa inanata kama ugali wa muhogo, na kandambili ya mtoto ilibaki humo akaiacha. Kila baada ya muda mzee alitoka, akakanyaga kwa kisigino, akatazama alama, akarudi. "Bado." Tukala ugali na maziwa mgando. Nikamsaidia kufunga mlango wa zizi uliolegea. Saa nne: bado. Saa sita upepo ukaanza, jua likatoka kali. Saa tisa akakanyaga tena, kisigino kikaacha alama isiyong'aa maji. "Tembea sasa, lakini usilale porini, lala Mwanhuzi." Nikatembea. Sikuwa na kinyongo na siku ile. Zamani siku nzima ya kusubiri barabara ningeiita hasara. Ile ndiyo siku niliyojifunza zaidi kuliko zote za safari, na mzee yule sasa yuko kwenye daftari, ninampigia hata nisiposafiri.

Mwanhuzi, Lalago, Maswa, kisha lami ya Bariadi mpaka Lamadi. Mama alitoka nje na khanga mabegani. Baada ya kunishika mikono na kunitazama usoni, aliinama kwenye pikipiki, akabandua tope chini ya tangi kwa ukucha, akalisugua kati ya vidole. "Hili la Meatu," akasema. Akasogea kwenye sproketi, akabandua jingine, jekundu. "Hili silijui." Nikamwambia ni la Mbulu. Akalitazama kwa muda, akauliza kule wanalima nini.

Watalii walirudi, nami nimerudi kwenye Land Cruiser. Lakini dereva aliyerudi siye yule. Wageni wangu wakifika ukingo wa kreta nawaonyesha kreta, halafu nawageuza nyuma nawaonyesha kusini na kuwaambia yaliyoko huko. Na kila mwaka wanapita Karatu waendesha pikipiki wa safari ndefu, wanaotoka Cape Town kwenda Cairo au wanaoteremka, wakiwa na mashine kubwa na ramani nzuri. Wanafika na mpango wa kukatiza Serengeti, wanageuzwa Lodoare, wanarudi mjini wamenuna. Wengi wanaacha pikipiki hotelini, wanakodi gari kwenda kreta, kisha wanarudi Makuyuni kufuata lami. Wanaoletwa kwangu nawafungulia daftari, na kitu cha kwanza ninachowauliza ni mvua.

Sitaki lango lile lifunguliwe kwa pikipiki. Nimeona nyati akitoka kwenye ukungu hatua chache kutoka kwenye gari, na nimeona simba wamelala katikati ya barabara Ndutu; mtu juu ya magurudumu mawili hana mlango wa kufunga. Nafahamu kwamba kwa wakazi walioko ndani ya hifadhi, Endulen na kwingine, suala la usafiri ni zito kuliko la msafiri anayepita, na wao wanastahili kusikilizwa kwa uzito huo. Ninayoyasema ni ya mpita njia. Mwaka 2010 kulipotokea mpango wa barabara kuu kukatiza kaskazini mwa Serengeti, nilikuwa upande wa waliosema hapana, na mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ilizuia barabara ya lami kupita humo. Wakati ule watu walisema ipitishwe kusini, nami nikaitikia bila kujua kusini ni wapi. Sasa najua. Juni 2023 serikali ilisaini mikataba ya barabara saba, na mojawapo ni ya Karatu, Mbulu, Haydom, Sibiti, Lalago hadi Maswa, kilomita 389. Naitaka lami hiyo kwa moyo wote, na ninaitaka kwanza kwa ajili ya yule kijana wa Haydom anayepita mchana kutazama mashimo.

Kwa sasa napanga kipande ambacho bado sijakipita, kile chenyewe cha chumvi: kutoka Mang'ola kufuata ukingo wa Eyasi mpaka Matala, ndipo Sibiti. Nimeshaambiwa kwamba mchanga wa huko unataka tairi pana nyuma na upepo pungufu, na kwamba maji ya kunywa lazima niyabebe yote, maana ya ziwa ni chumvi tupu. Nitaondoka kiangazi, baada ya vitunguu vya msimu. Ukurasa wa Matala una udongo, una mafuta, lakini nafasi ya mtu bado iko wazi, na mama wa vitunguu ameahidi kuniulizia kwa Wadatoga wanaoleta mbuzi wao mnadani. Nitakwenda kusikiliza mwenyewe siku ya mnada, na kilo mbili za sukari za kumpelekea atakayekubali kunielekeza.